Oksijeni ya Punje

Kazini walimwita Mwalimu, ingawa ilikuwa miaka mingi tangu ashike chaki. Aliwahi kufundisha hesabu sekondari, mbele ya wanafunzi waliosinzia baada ya chakula cha mchana, kabla hajarudi chuoni kusoma tena na kuishia kwenye maabara isiyokuwa na hata chupa moja. Maabara yenyewe ilikuwa chumba cha ghorofa ya tatu, zamani stoo ya viti vibovu. Dirisha lilipakwa rangi hadi likagoma kufunguka, na feni ilizunguka kwa kulalamika. Humo ndimo alimoshinda, yeye na kompyuta mbili, moja ya kuandikia na nyingine ya kukokotolea.

Nyumbani kwao walidhani anatibu. Mama yake alikuwa amewatangazia majirani kwamba binti yake ni daktari wa mishipa ya damu, na tangu hapo kila akienda kusalimia, hakosi mtu wa kumkunjia mkono wa shati apimwe presha. Akisema yeye ni daktari wa hesabu tu, wanamwambia basi ampigie hesabu ya hiyo presha. Alikuwa akicheka nao. Enzi hizo alikuwa mwepesi wa kucheka.

Alichokifanya hakikuwa rahisi kukieleza mezani. Alikuwa akitengeneza jicho ndani ya kompyuta. Si jicho zima, bali retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma inayopokea mwanga, pamoja na mishipa ya damu inayotambaa juu yake kabla mtoto hajazaliwa. Mishipa hiyo huanzia katikati na kusogea pole pole kuelekea pembeni, katika miezi ya mwisho ya mimba. Haina ramani. Seli za pembeni zikipungukiwa oksijeni humwaga kemikali, na kemikali hiyo ndiyo wito wao. Mishipa huusikia, ikaufuata. Seli moja hujitokeza mbele kuongoza, na papo hapo huwapa jirani zake ishara ya kutulia, wasije wakakimbilia mbele wote na kuuacha mshipa bila mwili. Mwalimu alikuwa ameziandikia seli hizo milinganyo: nani anaita, kwa sauti kiasi gani, nani anasikia, nani anamnyamazisha nani. Akibonyeza kitufe, kompyuta hukokotoa kutwa nzima, na mistari myekundu ikaota kwenye skrini kama mizizi ya mche.

Lakini hakuwa akilijenga jicho hilo kwa ajili ya uzuri wake. Alitaka kujua linavyoharibika. Mtoto njiti, anayezaliwa kabla ya wakati, hutoka na mishipa ya macho iliyofika nusu ya safari. Akiwekewa oksijeni nyingi ili apumue, zile seli za pembeni hushiba na kunyamaza. Wito ukikatika, mishipa husimama, mingine hunyauka. Hakuna anayeona kitu, mtoto anaongezeka uzito na watu wanashukuru. Halafu oksijeni inaondolewa, retina imeshakua, ina njaa, na seli zote zinaita kwa mpigo. Hapo mishipa huota hovyo, mibovu, inayovuja, na ikivuta sana huibandua retina kutoka ukutani kwake. Mwalimu alikuwa akirudia neno moja kila alipoeleza kazi yake kwa wageni wa chuo: ubaya wote hutengenezwa wakati kila kitu kinaonekana shwari.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, msusi mwenye saluni ndogo ya vioo viwili karibu na kituo cha mafuta, mwenye mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu mpole wa maneno machache, aliyekuwa safarini wiki tatu katika kila mwezi. Walikaa miaka mingi bila mtoto. Mimba iliposhika, mdogo mtu aliificha hata kwa dada yake mpaka ikajitangaza yenyewe. Haikufika miezi saba. Siku moja mchana, akiwa katikati ya kichwa cha mteja, chupa ya uzazi ilipasuka.

Mtoto alizaliwa wa kike, mwepesi kuliko pakiti ya unga, ngozi yake nyembamba hata ungeweza kuihesabu mishipa iliyo chini yake. Baba yake alipomwona kwa mara ya kwanza kupitia kioo alisema huyu ni punje tu. Jina likamganda.

Wadi ya njiti ilikuwa chumba cha joto chenye mwanga hafifu na harufu ya sabuni ya dawa. Kina mama walikaa kwenye viti vya plastiki, watoto vifuani, ngozi kwa ngozi, wakinong'ona. Punje hakuweza kukaa kifuani bado. Alilazwa chini ya taa ya joto, mpira wa chakula puani, mrija wa oksijeni pembeni yake, na mguuni klipu ya kupimia oksijeni ya damu, iliyomulika nyekundu. Kila mtu aliyeingia alitazama namba ya ile klipu. Ilikuwa ikisoma mia. Mdogo mtu alimwonyesha dada yake kwa furaha, kama mzazi anayeonyesha ripoti ya shule.

Mwalimu naye aliitazama ile mia. Alitoka nje kidogo, akarudi, akamtafuta muuguzi mkuu wa wadi, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa amekaa na njiti maisha yake yote. Alimwuliza kwa heshima kama hakuna kifaa cha kuichanganya oksijeni na hewa ya kawaida. Muuguzi akamjibu kipo, kiko kabatini, kimekufa zamani, na ombi la kingine limeshaandikwa mpaka wino umekwisha. Mtungi ulikuwa mmoja na mrija umegawanywa mara nne. Wanachoweza ni kupunguza tu mtiririko.

"Basi tupunguze kidogo, Sista," Mwalimu alisema. "Ikae tisini na kitu. Mia ni nyingi kwa macho yake."

Muuguzi alimgeukia. Hakuwa amekasirika. "Nikipunguza akazima," alisema, "wewe ndiye utakayemwambia mama yake?"

Hata hivyo alipunguza, kwa kuwa alijua kilichokuwa kikizungumzwa. Alikuwa ameshawaona watoto waliotoka mle wazima wakarudi mwaka mmoja baadaye wakipapasa. Aliishika koki ya mrija wa Punje akaizungusha kidogo sana. Namba ikashuka taratibu, tisini na sita, tisini na nne, ikatulia. Mwalimu akavuta pumzi. Halafu ikaanza kuporomoka. Midomo ya Punje ikawa ya rangi ya majivu, kifua kikaingia ndani, kikasahau kutoka. Kengele ikalia. Muuguzi aliifungua tena koki, akamsugua mtoto mgongo kwa vidole viwili, akamsugua, mpaka akalia kile kilio chake kama cha kifaranga.

Mdogo mtu alikuwa amesimama mlangoni na maziwa aliyoyakamua kwenye kikombe. Aliyaona yote. Aliweka kikombe chini pole pole, asimwage, kisha akaja akasimama kati ya dada yake na kitanda.

"Usimguse tena mwanangu," alisema.

Mwalimu alijaribu kueleza kwamba hakumgusa. Mdogo wake alikuwa ameshageuka.

Tangu siku hiyo namba ilikaa mia, na Mwalimu alikuja wadini kama mgeni, analeta matunda na nguo safi, anauliza habari, anaondoka. Lakini kulikuwa bado na njia. Macho ya njiti yakichunguzwa mapema, kama wiki ya nne, daktari anaweza kuiona mishipa mibaya ikianza na kuikomesha kwa mwanga wa leza au kwa sindano ya dawa inayozima ule wito. Aliyajua hayo kama anavyojua jina lake. Alimweka kitako shemeji yake siku moja, lori likiwa gereji, akamweleza. Shemeji akamwambia mkewe. Mkewe akaitikia kwa kichwa. Hospitali ilikuwa na daktari wa macho aliyekuja siku maalumu. Ilionekana mambo yamepangika.

Ndipo Profesa alipomwita. Profesa ndiye aliyekuwa mkuu wa mradi, mtu wa tai na simu tatu, aliyeweza kulieleza jicho la Mwalimu vizuri sana ili mradi asiulizwe swali la pili. Kulikuwa na mkutano mkubwa ng'ambo, na baada yake mwezi mmoja kwenye maabara yenye kompyuta ambayo ingefanya kwa dakika chache kile ambacho ile ya stoo ilifanya kutwa. Maswali ya pili yangekuwa mengi huko. Kwa hiyo aende yeye. Mwalimu alikuwa ameingoja safari hiyo tangu alipoacha chaki. Alikwenda wadini kuaga. Punje alikuwa ameanza kukaa kifuani kwa mama yake, amefunikwa kofia ya sufu. Mdogo mtu alimtakia safari njema bila kuinua macho.

Wiki ya nne ilipofika, Mwalimu alikuwa kwenye korido yenye zulia akingoja zamu yake ya kuzungumza. Simu ikaleta ujumbe wa sauti. Mdogo wake alikuwa akisema kwamba daktari wa macho yuko masomoni, wameambiwa warudi baada ya wiki mbili, na kwamba mtoto yuko vizuri, ameruhusiwa kurudi nyumbani. Mwalimu alipiga, haikupokelewa. Alimpigia shemeji, hakupatikana, bila shaka alikuwa njiani mahali pasipo na mtandao. Wakamwita jina lake ukumbini. Alipanda, akaonyesha mistari yake myekundu, akaeleza jinsi inavyosimama na jinsi inavyorudi kwa fujo, na watu wakanyoosha mikono na maswali mpaka mwenyekiti akawazuia.

Alipompata mdogo wake kesho yake, alimwambia asingoje zile wiki mbili, ampeleke hospitali ya rufaa, hata kama ni mbali. Alimwambia hivyo siku hiyo na siku zilizofuata. Mdogo mtu alikuwa amechoka, hana usingizi, mume hayupo, na katika sikio lake sauti ya dada yake ilikuwa bado ni ile kengele ya wadini.

"Hata oksijeni ulisema ipunguzwe," alimwambia. "Nusura aniponyoke."

Wiki mbili zilipita, akarudi kliniki, daktari wa macho bado hajarejea. Daktari wa watoto alimmulika Punje kwa tochi na kusema anaonekana hana tatizo. Jioni dada mtu alipopiga, aliambiwa mtoto ameonwa na yuko sawa.

"Walimtia matone ya kutanua mboni?" Mwalimu aliuliza.

"Dada, wamemwangalia. Wamesema yuko sawa."

Hapo ndipo alipotakiwa kuuliza tena, na hakuuliza. Alijua bila matone hakuna aliyeona kitu. Lakini kompyuta kubwa ilikuwa ikimngoja, alikuwa amechoka kuwa mtu wa kuleta hofu, na neno sawa lilikuwa limetamkwa na mtu mwingine. Alilipokea.

Aliporudi alikwenda kwa mdogo wake hata sanduku hajalifungua. Punje alikuwa amenenepa. Alikuwa na mashavu. Mwalimu alimbeba akampeleka dirishani, mwanga ukampiga usoni, na mtoto hakukunja uso. Ndani ya mboni zake palikuwa na weupe kama wa maji ya mchele. Mama mtu alikuwa nyuma yake akikunja nepi na kumsimulia jinsi anavyonyonya siku hizi.

Walikwenda hospitali ya rufaa watatu, pamoja na shemeji aliyeegesha lori la watu katikati ya safari na kurudi kwa basi. Daktari wa macho wa huko alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini na subira nyingi. Alitia matone, akangoja, akatazama jicho moja, akatazama la pili, akarudi kwenye la kwanza. Retina zilikuwa zimebanduka zote mbili. Angejaribu kumpeleka kwa wapasuaji, alisema, lakini hakutaka kuwadanganya. Wangekuja wiki tatu nyuma, ingekuwa habari nyingine.

Kisha, kwa kuwa alikuwa daktari mzuri na hakutaka waondoke bila kuelewa, alichukua karatasi akachora duara. Akawaeleza pole pole, akimtazama zaidi Mwalimu kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa halii. Akasema seli za jicho zikikosa oksijeni hutoa wito. Akasema wito ukizidi, mishipa huota hovyo. Alichora mishipa hiyo kwa kalamu ya bluu na akauliza kama wanamfuata.

"Anajua, daktari," shemeji alisema. Alisema taratibu, bila ubaya wowote. "Ndiyo kazi yake."

Daktari aliiweka kalamu chini. Mdogo mtu aliinua kichwa akamtazama dada yake, na kwa mara ya kwanza tangu wadini alimtazama kwa muda mrefu.

Wapasuaji walijaribu, haikusaidia. Miezi iliyofuata dada hao wawili hawakugombana, na pengine wangegombana ingekuwa nafuu. Mama yao alikuja akawakalisha sebuleni, akawaambia wao ni wa tumbo moja, hakuna aliyetaka mabaya, yaishe. Mwalimu aliomba radhi. Alisema alipaswa kurudi, alipaswa kuuliza tena. Mdogo wake alisikiliza mpaka mwisho akiwa amempakata mtoto.

"Mimi nami nilisema ameonwa ili uniache nipumzike," alisema. "Hilo ni langu, nitalibeba. Lakini kama kusingekuwa na mtu aliyejua, ningelala. Ningesema ni mapenzi ya Mungu, nilale. Sasa kila nikifumba macho nakumbuka kwamba kulikuwa na mtu anajua, na mtu huyo ni wewe."



Mwalimu alirudi kwenye stoo yake. Profesa alikuwa amesikia, alimpa pole ya dhati, na baada ya muda wa adabu kupita akauliza kama vipimo vya oksijeni vya yule mtoto vinaweza kupatikana. Mwalimu alikataa. Lakini hakuhitaji kuvitafuta, alikuwa navyo kichwani: mia, mia, mia, halafu hewa tupu. Alasiri moja, jengo likiwa limepoa kwa sababu ya mgomo wa wanafunzi, aliviingiza mwenyewe na kubonyeza kitufe. Mishipa kwenye skrini ilisogea kidogo ikasimama. Ilinyauka. Ikatulia kwa muda ule ule ambao Punje alikuwa akinenepa. Kisha ikalipuka, pembe zile zile alizozionyesha daktari kwa kalamu ya bluu. Miaka yote hiyo hakuwahi kupata tokeo lililolingana na jicho la mtu aliye hai kiasi hicho. Alikaa akilitazama mpaka mlinzi akaja kugonga mlango kufunga jengo.

Profesa alipoliona hakuweza kukaa kitini. Hili sasa ni la kuchapishwa, alisema, hili litazifungua hospitali macho. Na alipojisikia alichokisema akajikoholesha. Bila ruhusa ya wazazi isingewezekana. Mwalimu alikwenda saluni mwenyewe kuiomba. Alingoja mteja aondoke. Alieleza kwa kifupi, akitazama vioo badala ya mtu.

"Kwa hiyo sasa inafanya kazi," mdogo wake alisema.

"Inafanya."

"Chukueni. Yale macho hayana kazi nyingine."

Makala ilitoka. Jina la Profesa lilikuwa mwanzoni na la Mwalimu likafuata, na mwaka uliofuata Profesa alihamia ofisi yenye zulia. Lakini kitu kimoja Mwalimu hakukiachia. Aliichukua ile makala akaenda nayo kila mlango wa hospitali, wizarani, kwa wafadhili, akawa kero mpaka makarani wakimwona kwenye ngazi wanaanza kukusanya faili zao. Alikuwa mkali, asiyecheka, anayerudia jambo moja. Vifaa vya kuchanganya hewa vililetwa viwili. Daktari wa macho akapangiwa kuingia wadi ya njiti kila wiki, si mama na mtoto wamfuate kliniki. Yule muuguzi wa miwani ya uzi alikuwa ameshastaafu. Walimletea habari, akasema ni vizuri, hakutaka kuja kuviona.

Punje alifikisha miaka mitano akiwa mtundu, mwenye maneno kama mama yake, anayemtambua Mama Mkubwa kwa mlio wa viatu kabla hajabisha. Jumapili Mwalimu huja kumchukua matembezi. Mdogo mtu humkaribisha, humpa chai, humwuliza habari za mama. Hayo ndiyo maongezi yao, na hayazidi hapo.

Alasiri moja simu ya Mwalimu iliita na jina la mdogo wake likatokea, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Alipokea kwa haraka akidhani ni mtoto. Haikuwa mtoto. Mdogo wake alisema ametoka kumsuka mteja mmoja, mgeni, ana mapacha waliozaliwa njiti kwenye wadi ile ile. Mteja huyo alisimulia tangu msuko wa kwanza hadi wa mwisho jinsi watoto wake walivyokutwa na ugonjwa wa macho mapema, wakachomwa sindano, na sasa wanakimbizana nyumba nzima. Alisema kuna mwanamke mmoja wa chuo aliyewasumbua wakubwa mpaka hayo yakawezekana, Mungu ambariki popote alipo.

"Ukamwambia nini?" Mwalimu aliuliza.

"Sikumwambia kitu. Nilimsuka." Mashine ya kukaushia nywele ilikuwa ikivuma nyuma yake. "Nimeona nikwambie. Wanaona, wote wawili."

Akakata simu. Mwalimu alibaki ameishikilia sikioni. Hakujua kama alikuwa ameshukuriwa au amepigwa, na mtu wa kumwuliza alikuwa ni yule yule.

Jumapili alikwenda kama kawaida. Mdogo wake alimfungulia mlango, akamkabidhi mkono wa mtoto, akarudi uani kuanua nguo.